Shingo ikikataa salamu: nini ufanye baada ya ajali ya gari, tangu barabarani hadi mwaka unaofuata

Daladala yetu ilikuwa imesimama Pongwe, huku kwetu Tanga, kushusha abiria. Lori la mchanga likaja kwa nyuma likatugonga. Kishindo chenyewe hakikuwa cha kutisha: kioo cha nyuma kilimwagika, tenga la machungwa ya Muheza likapasuka, machungwa yakavuka barabara yenyewe na watoto wakayakimbilia. Nilicheka. Hakufa mtu, hakuvunjika mtu. Dereva wa lori alishuka na noti mkononi, "Mama zangu, tuyamalize hapa hapa." Nikapokea elfu ishirini, nikapanda bajaji hadi nyumbani Ngamiani, nikawasha jiko nipike mchana.

Siku ya tatu, alfajiri, nilimaliza sala nikataka kutoa salamu upande wa kulia. Shingo ikakataa. Nikajaribu kushoto, nikasikia kama mtu amenichoma sindano ya magunia kutoka kisogoni hadi begani. Nikabaki nimekaa pale kwenye mkeka, natazama ukuta.

Kuna maneno tunayatupia sana hapa Tanga: waja leo, waondoka leo. Maumivu ya shingo na mgongo baada ya ajali hayamo kwenye msafara huo. Mara nyingi huja kesho au keshokutwa, na kwa wengine huaga mwakani. Miaka sita imepita sasa, na haya ninayoandika ndiyo ambayo ningependa mtu aniambie siku ile ya machungwa.

Hatua ya 1: Barabarani, kabla hujamnyanyua mtu

Sisi tuna huruma ya haraka. Gari likipinduka Segera, dakika hiyo hiyo watu ishirini wanavuta miguu na mikono. Huruma hiyo imewalemaza wengi. Aliyelala hajitambui, anayelia shingo au mgongo, asiyesikia miguu au mwenye ganzi mikononi, usimvute isipokuwa gari linawaka, linaingia maji, au magari mengine yanaweza kuwagonga hapo mlipo.

Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa cha majeruhi, aweke viganja pande mbili za masikio, akishikilie kichwa kisiyumbe. Azungumze naye, amkataze kugeuka kutazama anayemwita. Mwingine apige 112. Ikiwa hapumui, pumzi ndiyo ya kwanza, mengine yatafuata. Ikilazimu kumhamisha, tafuteni kitu kigumu cha kumlaza, ubao au mlango uliong'oka. Muwe wanne au zaidi. Anayeshika kichwa ndiye anayehesabu na kutoa amri, na wote mnamgeuza kwa pamoja kama gogo moja: kichwa, mabega, nyonga na miguu katika mstari mmoja. Kumkunja kwenye kiti cha bajaji na kichwa kinaning'inia, hata kama hospitali iko karibu, ni kumwongezea jeraha.

Wewe uliyetoka kwa miguu yako kama mimi, kazi yako ni nyingine. Piga picha namba za magari yote mawili. Chukua namba za simu za abiria wawili. Andika saa na mahali. Subiri trafiki, na hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya waliokuwemo. Mimi sikuandikwa. Nilipokwenda kituoni baadaye nikaulizwa, kwa adabu kabisa, nina ushahidi gani kwamba nilikuwemo kwenye gari lile. Nilikuwa na chungwa moja.

Hatua ya 2: Hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hujisikii vibaya

Damu ikichemka kwa hofu mwili hausemi ukweli. Misuli na kano zilizovutika huvimba polepole, na maumivu huweza kuendelea kupanda kwa siku mbili tatu. Ndiyo maana nasema nenda siku ile ile, uandikwe.

PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inatolewa kituo cha polisi na daktari ndiye anayeijaza. Mwenye hali mbaya apelekwe kutibiwa kwanza, ndugu mmoja aifuate fomu. Mwenye uwezo wa kutembea apitie kituoni. Ikishajazwa, piga picha kila ukurasa kabla hujairudisha.

Kwa daktari sema kila kitu, hata unachoona ni kidogo: kisogo kizito, kizunguzungu, vidole viwili vyenye ganzi, kiuno kinachokaza ukikaa. Kilichomo kwenye kadi yako siku ya kwanza ndicho kitakachoaminika miezi sita baadaye. Eleza pia gari liligongwaje. Ukigongwa kwa nyuma, kiti kinakusukuma kifua mbele, kichwa chenye uzito wa kilo nne na nusu hadi tano kinabaki nyuma, kisha kinarushwa mbele, yote hayo chini ya nusu sekunde. Pingili saba za shingo ndizo zinazobeba mrusho huo.

Usishangae daktari asipokupiga picha ya eksirei. Wapo wanaofuata kanuni iliyotungwa Kanada na kuchapishwa mwaka 2001: kwa mtu mzima anayejitambua vizuri huulizwa umri, ajali ilikuwaje, na kama kuna ganzi. Kisha, ikiwa hakuna dalili ya hatari, huambiwa ageuze shingo mwenyewe. Akifika nyuzi 45 kila upande, picha haihitajiki. Mwenye miaka 65 na zaidi anapigwa moja kwa moja. Usijipime hivyo nyumbani kabla hujaonwa.

Na picha ya eksirei ikitoka safi, haina maana kwamba unadanganya. Eksirei inaonyesha mifupa. Misuli, kano na zile sahani za gegedu kati ya pingili haizionyeshi. Shemeji yangu aliitazama yangu kwenye mwanga wa dirisha, akatoa hukumu: "Mbona mzima huyu!"

Zipo dalili zisizosubiri asubuhi. Mkono au mguu unaopoteza nguvu. Ganzi inayosambaa sehemu za siri na kwenye makalio, pale panapokaa kwenye tandiko la baiskeli. Mkojo uliogoma kutoka, au haja inayokutoka hujijui. Homa na maumivu ya mgongo kwa pamoja. Kichwa kinachouma kwa kuzidi na kutapika. Hizo nenda hospitali ya Bombo usiku huo huo. Mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo ikibanwa, wakati mwingine ni upasuaji wa haraka unaoamua kama mtu atatembea na kujizuia mkojo au la, na watu hupoteza siku mbili kwa sababu wanaona aibu kuutaja mkojo.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza, usishinde kitandani

Hapa ndipo nilipokosea kuliko pote, kuliko hata ile elfu ishirini.

Jirani aliniazima kola ya shingo, ya marehemu mumewe. Nikaivaa wiki tatu, nimelala chali, nalishwa uji. Kila aliyekuja kunijulia hali aliniambia, "Usijitikise, mwanangu." Nilipoivua, shingo ilikuwa imekuwa ya mtu mwingine: nyembamba, ngumu, inatetemeka ikibeba kichwa chake yenyewe. Baadaye mtaalamu wa mazoezi tiba aliniambia kwamba ajali ilinipa jeraha la wiki kadhaa, na kitanda kikaniongezea miezi.

Ikiwa daktari amethibitisha hakuna mfupa uliovunjika wala pingili iliyohama, mwendo ndiyo dawa. Tembea ndani ya nyumba siku ya kwanza. Siku ya pili nenda hadi dukani. Jeraha likiwa bichi, barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 10 hadi 15, inapunguza makali. Baada ya siku mbili hivi wengi wetu tunapata nafuu zaidi kwa kitambaa cha maji ya moto. Kola, ikiwa si ya mfupa uliovunjika, bora isivaliwe, au ivuliwe ndani ya siku chache.

Dawa: paracetamol za miligramu 500, vidonge viwili kila saa sita, visizidi vinane kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima. Angalia sana hapa. Maduka yetu huuza vidonge vyenye mchanganyiko wa diklofenaki na paracetamol ndani ya kidonge kimoja. Ukimeza hivyo na panadol juu yake, umemeza dozi mbili bila kujua. Diklofenaki yenyewe si rafiki wa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, presha au mimba. Usinunue tu kwa sababu jirani ilimsaidia.

Sasa mkandaji. Mama mkwe alimleta wangu siku ya tano, na mafuta ya nazi yamechemshwa na karafuu. Sitakudanganya: kukandwa mabega taratibu kulinipa usingizi wa kwanza. Kukandwa juu juu, kwenye nyama ya mabega na mgongo, baada ya kuonwa na daktari, sina ugomvi nako. Lakini mkono ukifika shingoni ukataka kuvuta, kunyonga au kupindua, ukatae hata kama mwenye mkono ni mama mkwe. Ndani ya pingili za shingo inapita mishipa miwili ya damu inayokwenda ubongoni, nayo huweza kuchanika. Kwa sababu hiyo hiyo, wanaume, yule kinyozi anayemaliza kwa kuikunja shingo mpaka ilie ko, mwambieni asante, leo nyoa tu. Wa hijama naye akuchanje mahali pengine, si penye uvimbe mpya.

Hatua ya 4: Mazoezi, kidogo kila siku

Nilifundishwa manne ya mwanzo. Nayaandika kama ninavyoyafanya, lakini mwenye ganzi au udhaifu wa mkono ayapate kwa mtaalamu kwanza.

Kaa wima kwenye kiti. Geuza uso polepole kulia hadi pale shingo inapovuta, si inapokata. Hesabu tano, rudi katikati, nenda kushoto. Mara tano kila upande, asubuhi, mchana, jioni. Kwangu hii ndiyo ikawa rula. Wiki ya nne salamu yangu ilifika kwenye kona ya mkeka. Wiki ya saba nikaona mlango. Niliandika kila Ijumaa kwenye daftari la vipimo vya nguo, katikati ya kiuno cha huyu na kifua cha yule.

La pili, rudisha kidevu nyuma bila kukiinamisha, kama mtu aliyeletewa kijiko cha shubiri. Hesabu tatu, achia. Mara kumi. Utajiona kituko, fanya tu.

La tatu, vuta mabega nyuma mpaka mifupa ya mabapa yakaribiane. Mara kumi. Hili mimi ndilo lililoniondolea maumivu ya kichwa yaliyokuwa yakianzia kisogoni na kuishia juu ya jicho.

La nne ni la kiuno. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Vuta goti moja kifuani, hesabu kumi, badilisha. Kisha nyanyua makalio kama daraja, shusha taratibu. Mara nane zinatosha kuanzia.

Juu ya yote, kutembea. Nilianza kwa kwenda na kurudi barabara moja ya Ngamiani. Miezi miwili baadaye nilikuwa nafika Raskazone wakati wa magharibi, upepo wa bahari usoni.

Maumivu yatapanda kidogo ukifanya mazoezi. Yakitulia ndani ya saa moja mbili, endelea. Yakilala na wewe mpaka kesho yake, umezidisha, punguza nusu, lakini usiache.

Hatua ya 5: Irekebishe nyumba, si mwili tu

Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza kuhusu mbuzi ya nazi. Nami nakuambia mbuzi ya nazi ni adui. Unakaa karibu na ardhi, kiuno kimejikunja, shingo imeinama, mkono mmoja unasukuma kwa nguvu, robo saa nzima. Wape watoto wakune, au nunua iliyosagwa kwa mashine sokoni, wanaosema haina tui zuri wakune wao.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya pingili saba zilizojeruhiwa. Gawa maji katika madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Ufagio wa chelewa ufungie mti mrefu ufagie umesimama. Godoro la sufi lililobonyea katikati lianikwe, lipigwe, ligeuzwe, na ukishindwa lala kwenye mkeka mzito kuliko kulala ndani ya shimo. Mto mmoja unatosha, unaojaza nafasi ya shingo. Mtoto mgongoni kwa kanga, subiri kwanza.

Kwa fundi cherehani kama mimi: niliinua meza kwa matofali mawili, nikaweka kiti chenye mgongo, na kila nikimaliza upindo mmoja nasimama. Wenye baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli, pandisheni usukani usiwalazimishe kuinama. Bodaboda ya barabara ya vumbi iache miezi ya mwanzo.

Na sala. Wapo wazee wanaojilazimisha kurukuu na kusujudu huku machozi yanawatoka. Rukhsa ya mgonjwa kusali amekaa ipo, muulize shekhe wako. Mimi nilisali kwenye kiti miezi mitatu.

Hatua ya 6: Fidia

Gari lolote barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima, angalau ile tunayoiita bima ndogo, ya mtu wa tatu. Abiria wa daladala na mpita njia ndio watu wa tatu wenyewe. Wengi hawajui. Wanafikiri bima ni ya gari. Kwa namba ya gari unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kama lilikuwa na bima siku ile na ni ya kampuni gani. Uliyeumia ukiwa kazini, dereva, konda, mtumishi uliyetumwa, una pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mwajiri anapaswa kutoa taarifa.

Kusanya: ripoti ya polisi, PF3, kadi, risiti za dawa na nauli za kliniki, na rekodi ya siku ulizokosa kazi. Mimi daftari langu la wateja lilionyesha sare za shule nilizozirudisha bila kushona, na hilo liliongea kuliko machozi.

Usiharakishe kusaini. Kampuni ikileta hati ya kukubali malipo ya mwisho, ukiiweka sahihi umefunga mlango, hata mkono ukianza ganzi wiki inayofuata. Muulize daktari kwanza kama hali yako imetulia. Ila usikae mno: kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya madhara kama haya yana miaka mitatu tangu tukio. Ukikwama na kampuni, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Vishoka wanaozunguka wodini wakitaka nusu ya malipo, waache wapite.

Mimi nililipwa? Kidogo sana. Jina langu halikuwepo kwenye orodha, na yule dereva alikuwa na shahidi aliyeniona napokea noti.

Hatua ya 7: Miezi inapopita

Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Lakini mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuta karibu nusu ya walioumia shingo hivi bado wakitaja maumivu mwaka mmoja baadaye. Wanaokawia zaidi ni wale walioanza na maumivu makali sana, na wale walioingiwa na imani kwamba hawatapona. Basi ukiwa mwezi wa nne bado unaumwa, hujarogwa wala hujifanyi.

Kinachobaki si maumivu peke yake. Ni usingizi wa vipande vipande. Ni hasira kwa watoto wasio na kosa. Ni kushika kiti cha mbele kwa mikono miwili kila unaposikia honi ya lori. Mimi nilikaa miezi minane bila kwenda kwetu Muheza, nikisingizia kazi. Mwambie daktari na hayo, kwani hofu inakaza misuli ile ile unayoitibu. Nilirudi barabarani kwa kipande: kwanza Kange na kurudi, kisha Pongwe, kisha safari nzima na mdogo wangu pembeni.

Miezi mitatu ikipita bila mabadiliko, au maumivu yanateremka mkononi au mguuni mpaka vidoleni, omba rufaa kwa daktari wa mifupa. Huko ndiko wanaweza kuamua MRI, kipimo kinachoonyesha hata misuli na gegedu, na kesi ngumu hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Nenda na picha zako zote za zamani kwenye bahasha, usilipe mara mbili.

Leo salamu yangu ya kushoto inafika begani. Ya kulia inabaki vidole viwili kabla. Nikishona sare za Januari mfululizo inarudi nyuma, nami narudi kwenye shubiri na mabega. Nikienda Muheza nachagua kiti chenye kiegemeo cha kichwa, nakipandisha kifike juu ya masikio. Konda akinionyesha kiti cha kukunja cha katikati, "Mama kaa hapo, ni karibu tu," nashuka nasubiri inayofuata.